Begi la Hironimus Mbele ya Watani

Hironimus Ngonyani alishuka uwanja wa ndege wa Songea saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, akiwa na kazi mbili za kufanya kabla jua halijazama. Saa sita amzike bibi yake. Saa kumi akae hotelini mbele ya kompyuta aongee na watu wa daraja. Kazi zote mbili alikuwa amezipanga kwenye simu, moja kwa rangi ya kijani na nyingine nyekundu, na katikati akajiachia dakika arobaini za kula. Mtu anayeupangia dakika msiba wa Kingoni, tena msiba wenye watani wa Kiyao, amekaa nje ya nchi muda mrefu mno. Tumvumilie hivyo hivyo, maana ndiye tuliye naye.

Alikuwa wakili wa usuluhishi wa kimataifa, akiishi Paris. Serikali ikigombana na kampuni, au kampuni mbili za nchi mbili zikikabana makoo, na kila mmoja haiamini mahakama ya mwenzake, wanakubaliana kutafuta watu watatu wa kuwaamua. Huyu anachagua wake, yule anachagua wake, na hao wawili wanamtafuta mwenyekiti. Wakishaamua, imekwisha, hakuna pa kukata rufaa. Hironimus alikuwa akisimama mbele ya watu watatu wa namna hiyo, leo Jeniva, kesho Singapoo, akimtetea aliyemwajiri. Aliwahi kubishana siku kumi na moja kuhusu kontena la kuku waliogandishwa, ambao wakati kesi inaanza walikuwa hawajulikani tena kama ni kuku. Bibi yake, marehemu Walburga, aliyemlea pale mtaa wa Msamala, Songea, tangu ana miaka mitatu, aliwaeleza majirani kazi hiyo kwa kifupi: mjukuu wangu anaamua ugomvi wa wazungu. Majirani walimhurumia kijana wa watu, kwa kuwa wazungu ni wengi.

Kitu kimoja tu Hironimus hakuwahi kuwa, nacho ni mwenyekiti. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amesimama upande wa wanaoomba, akimwangalia mtu aliyeketi kiti cha kati akinywa maji taratibu, na kila mara alijiambia kwamba siku moja maji yale yatakuwa yake. Sasa siku ilikuwa imekaribia. Nchi moja ya Afrika Magharibi, ambayo hatutaitaja kwa kuwa ina mawakili, iliipa kampuni kazi ya kujenga daraja. Kampuni ikaanza kujenga kutoka kingo zote mbili za mto kwa mpigo, ili kuokoa muda. Vipande viwili vilipofika katikati vikapishana kwa mita nne. Serikali ikasema kampuni haijui kupima, kampuni ikasema serikali imeusogeza mto.

Walikuwa wamebishana miaka minne na kukataa majina thelathini na mawili ya wenyeviti. Jina la thelathini na tatu lilikuwa la Hironimus, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amelikataa bado. Walitaka tu kumhoji kwa pamoja, kwa video, Alhamisi hiyo saa kumi kwa saa za Songea. Alipopata habari za msiba aliomba waahirishe. Wakamjibu kwa heshima zote kwamba hiyo ndiyo tarehe ya kwanza ambayo pande mbili zimewahi kukubaliana tangu ugomvi uanze, na wanaogopa kuigusa. Jina la thelathini na nne lilikuwa la Mbelgiji mmoja ambaye hajawahi kuchelewa popote.

Basi alifika Msamala na suti nyeusi, tai nyeusi na begi lenye kompyuta. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wako mikekani, akina mama wako nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Getini alikutana na mwanamke mzee aliyevaa sweta la kahawia la marehemu na miwani ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu. "Hironimus," mwanamke yule alisema, "umechelewa kula, na ugali hauwezi kukusubiri wewe kama nani." Ilikuwa sauti ya bibi yake kabisa, na ile namna ya kuvuta pumzi katikati. Hironimus alisahau kutembea. Alipokumbuka, begi halikuwa tena mkononi mwake.

Huyo alikuwa Bibi Zuhra, Myao wa Nalasi kule Tunduru, aliyekuja mtaa wa Majengo, Songea, na biashara ya korosho miaka zaidi ya thelathini iliyopita akalowea huko huko. Wangoni na Wayao walipigana zamani, na vita ilipokwisha wakabaki na utani. Walburga alikuwa akimwita Zuhra mateka wangu, kwa hoja kwamba babu zake yeye waliwateka babu za Zuhra. Zuhra alikuwa akimwita Walburga mkimbizi, kwa hoja kwamba Wangoni walitoka kusini kabisa ya Afrika kwa miguu, na mtu hatembei hivyo kwa kupenda, alikuwa anafukuzwa. Waliambiana hivyo karibu kila wiki kwa miaka yote hiyo, na aliyekosa kuambiwa alikuwa akiuliza kulikoni.

Sasa mtani kwenye msiba ana uhuru ambao hata polisi hawana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kumuiga, kulizuia jeneza njiani, kuchukua kiatu cha mfiwa na kukipiga faini. Mfiwa akicheka, anaachiwa. Akikasirika, anaongezewa. Hironimus aliyajua hayo tangu utotoni, ila alikuwa ameyaweka mbali sana kichwani, nyuma ya kanuni za Jeniva, na asubuhi ile hakuyafikia kwa haraka.

Mazishi yalikwenda kama mazishi ya bibi wa miaka tisini na mmoja aliyependwa yanavyokwenda. Padri alisema maneno mazuri. Watani walilisimamisha jeneza mara mbili wakidai marehemu amesahau fimbo yake, na Bibi Zuhra alisimama juu ya udongo akiwagombeza wachimba kaburi kwa sauti ya Walburga kwamba shimo limepinda na yeye hawezi kulala upande. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Hironimus hakucheka wala hakulia. Alikuwa akiangalia saa. Na jeneza lilipokuwa linashushwa, simu yake ikalia mfukoni, mlio wa tarumbeta, kwa sababu Paris walitaka kuhakikisha kama mtandao wa Songea uko sawa. Bibi Zuhra alinyoosha mkono bila hata kugeuza shingo. Simu nayo ikaenda kwenye begi.

Saa saba walipokuwa wamerudi nyumbani, Hironimus alimfuata Bibi Zuhra pale alipoketi, begi likiwa chini ya kiti chake, akaomba vitu vyake kwa adabu. Bibi Zuhra akamwambia alete jogoo. Hironimus, badala ya kusema nitaleta na kucheka, akaeleza kwamba ile ni mali binafsi iliyochukuliwa bila ridhaa. Majogoo wakawa wawili. Akahoji ni mamlaka gani inayomruhusu kushikilia kompyuta ya mtu. Wakawa wanne. Akasema hali hiyo inazidi kuwa isiyo ya haki, na hapo likaongezwa kreti moja la soda na kucheza ngoma ya lizombe akiwa na tai yake. Baba yake mdogo, Mzee Egidi, alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba mtani habishiwi, mwanangu, mtani anachekewa tu. Hironimus akamjibu kwamba yeye amewahi kuishinda kampuni ya mafuta. Egidi akamwangalia kwa huruma akaenda kutafuta pombe ya ulanzi.

Saa saba na nusu, jasho linamtoka, wakili akafanya kile alichozoea kufanya akibanwa. Alipendekeza usuluhishi.

Alimweleza Bibi Zuhra utaratibu wote: watu watatu, kila upande uchague mmoja, hao wawili wamtafute mwenyekiti, na watakachoamua kifuatwe na wote. Alitegemea mwanamke yule atachoka katikati ya maelezo aachie begi. Bibi Zuhra alisikiliza hadi mwisho, akakaa sawa, akasema kwamba jambo hilo ni zuri sana na anashangaa kwa nini halikuletwa mapema. Basi Hironimus akageuza karatasi ya ratiba ya mazishi, na nyuma yake akaandika makubaliano kwa mkono wake mwenyewe, vifungu sita vilivyonyooka. Kifungu cha tano kilisema uamuzi utakuwa wa mwisho na hakuna rufaa. Mkono wake ulikiandika wenyewe, kwa mazoea. Wakasaini wote wawili.

Hironimus alimchagua Egidi, baba mdogo, damu yake. Bibi Zuhra alimchagua Majaliwa, mume wa binti yake, muuza nyama wa Majengo, ambaye wakati huo alikuwa amelala chini ya turubai mdomo wazi. Hironimus alipinga papo hapo kwamba msuluhishi huyo amelala, na tena ni mkwe wa upande mmoja. Majaliwa alifungua jicho moja akasema yeye amelalia pande zote mbili sawasawa. Kwa mujibu wa utaratibu Hironimus akawataka wasuluhishi watangaze mahusiano yao na wahusika. Majaliwa akasema anamwogopa mama mkwe wake, kama kila mtu. Egidi akakohoa, akaangalia juu, akatangaza kwamba mwaka themanini na tisa aliwahi kumpelekea Bibi Zuhra barua ya posa, na jibu bado analisubiri.

Mwenyekiti hakuwa na ubishi. Walimhitaji mtu asiye Mngoni wala Myao, na aliyekuwepo ni Mama Tumpe, Mnyakyusa aliyekuja Songea kufundisha, akastaafu, na sasa ndiye mpishi mkuu wa misiba yote ya Msamala. Alikubali kwa sharti moja. Maharage yake yalikuwa jikoni, na kesi ingedumu hadi yatakapoiva. Aliketi kwenye kreti la soda lililopinduliwa, mwiko mkononi, Egidi kulia kwake na Majaliwa kushoto. Mtu mmoja akamletea maji kwenye kikombe cha bati, naye akayanywa taratibu. Hironimus alimwangalia akinywa na roho ikamuuma kidogo.

Alitetea vizuri, hilo lazima lisemwe. Mikono nyuma, sauti ya chini, hoja katika sehemu nne. Alieleza kuhusu daraja, kuhusu miaka kumi na saba, kuhusu saa kumi, na kwamba utani ni mali ya taifa lakini una mipaka yake. Katikati ya sehemu ya pili Mama Tumpe aliinuka kwenda kugeuza maharage, na aliporudi ikabidi sehemu hiyo irudiwe. Swali aliuliza Majaliwa peke yake. Alitaka kujua, hao watu wa pale kwenye daraja, sasa hivi wanavuka wapi. Hironimus alikuwa amesoma kurasa elfu tatu za ugomvi ule, na hakuna hata ukurasa mmoja uliosema. Akajibu kwamba hajui, Majaliwa akaitikia kwa kichwa akafumba tena jicho.

Zamu ya Bibi Zuhra ilipofika, alivua miwani ya marehemu akaipangusa kwa ncha ya mtandio. Watu walijiandaa kucheka.

"Mimi sina sehemu nne," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Huyu alikuwa akimtumia bibi yake ujumbe kwenye simu. Walburga macho yake yalishakwisha, kwa hiyo kila Ijumaa nikitoka msikitini nilikuwa napita hapa namsomea. Mwanzoni ujumbe ulikuwa mrefu, mpaka koo linanikauka. Baadaye ukawa mfupi, Bibi niko kikaoni, nitakupigia. Baadaye hata huo mfupi ukawa hauji. Na mimi nafika hapa namkuta mwenzangu ameshaoga, ameshavaa, amekaa mlangoni na simu mapajani. Nimwambie nini? Nikawa nasoma. Nafungua zile meseji za mtandao za kutuuzia bando, nazisoma kwa sauti: Bibi shikamoo, huku ni baridi, namkumbuka kila mtu, nikipata nafasi nitakuja. Miaka miwili na nusu, wallahi, mimi ndiye nimekuwa Hironimus. Krismasi alipopiga mwenyewe, mtandao ukakatika, nikamshukuru Mungu maana tungeumbuka."

Hakuna aliyecheka. Mama Tumpe aliuliza taratibu kama marehemu alikuwa anajibu.

"Kila Ijumaa. Ananiambia, andika, naandika. Nilikuwa naogopa kutuma, asije huyu akauliza bibi anajibu ujumbe gani. Basi zimekaa humo humo kwenye simu yake." Akamgeukia Hironimus. "Majogoo wako siwataki. Nataka siku tatu. Ukae mkekani na wenzako mpaka matanga yaanuliwe Jumapili, usishike kompyuta wala simu, yako wala ya mtu. Siku tatu tu, za Walburga. Nimemaliza, mheshimiwa mwiko."

Wasuluhishi walikwenda nyuma ya jiko kushauriana. Walichukua dakika saba, na nne kati ya hizo zilikuwa za chumvi. Waliporudi Mama Tumpe alitangaza kwamba maharage yameiva na baraza limekubaliana kwa sauti moja, watatu kwa sifuri. Begi litabaki kwa Bibi Zuhra hadi Jumapili, na Hironimus atakaa mkekani kama alivyoombwa. Egidi, msuluhishi wa upande wa Hironimus, alikuwa wa kwanza kumpigia kura ya kumwangusha. Alimwendea akamshika bega. "Mwanangu, umetetea vizuri mno," alimwambia. "Ndiyo maana nimeumia kukunyima."

Hironimus aliketi mkekani kati ya wanaume wa Msamala, kavua viatu, tai imelegea. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Alijaribu kukasirika na hasira haikuja. Alijaribu kutafuta kasoro kwenye uamuzi, maana kasoro zilikuwa tele: mkwe, mposaji, na mwenyekiti aliyekuwa na haraka ya kupakua. Kesi kama ile Paris ingebatilishwa kabla ya chai. Ila kila alipofika mwisho wa hoja zake alimkuta bibi yake ameshaoga, amekaa mlangoni na simu mapajani, na hoja zikamfia mdomoni. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

Huku nyuma Egidi, akiwa na kikombe chake cha pili cha ulanzi, alikuwa akimweleza Bibi Zuhra habari zote za kile kiti cha kati. Alimweleza kwamba kijana amekisubiri miaka kumi na saba, kwamba saa kumi ikipita anapewa Mbelgiji, na kwamba nafasi za namna hiyo haziji mara mbili kwa mtu aliyezaliwa Msamala. Bibi Zuhra hakujua. Alikuwa ameisikia hotuba ya sehemu nne kama wote walivyoisikia, na kama wote alikuwa ameelewa tu kwamba kuna daraja limepinda. Aliinuka.

Saa tisa na nusu alikuja mkekani. Alikuwa amevua sweta la marehemu na miwani, yuko na baibui lake mwenyewe, na alionekana mdogo kuliko asubuhi. Aliweka begi mbele ya Hironimus.

"Chukua, mjukuu wangu. Hoteli yako ni dakika kumi kwa bodaboda, na bodaboda nimeshakuitia. Nilikuwa nakutania. Sikujua jambo lenyewe ni kubwa hivyo."

Hironimus aliliangalia begi. Zipu ilikuwa wazi na alikiona kifuniko cha kompyuta kinang'aa.

"Haiwezekani, bibi," alisema. "Umeshinda."

"Ndiyo nimeshinda. Na mshindi mwenyewe anakwambia chukua."

Akamwonyesha karatasi. Kifungu cha tano, uamuzi ni wa mwisho, na chini yake saini mbili. Bibi Zuhra alisema kifungu hicho kaandika mwenyewe, akifute. Hironimus akasema haruhusiwi. Basi Bibi Zuhra akaondoka mbio, kwa kadiri magoti yake yalivyomruhusu, kwenda kulitafuta baraza ili libadilishe uamuzi. Mama Tumpe alikuwa anawapakulia watu mia mbili akamwambia kesi imefungwa, chukua sahani. Majaliwa alikuwa amelala, na safari hii kwa macho yote mawili. Egidi alimsikiliza kwa makini sana, halafu akamuuliza kama ile barua ya mwaka themanini na tisa aliwahi kuifungua. Bibi Zuhra alirudi mkekani anahema.

Na hapa inabidi nimseme Hironimus, kwa sababu alikuwa anadanganya. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza, hata yule anayekaa kiti cha nyuma na kula karanga, anajua kwamba aliyeshinda ana haki ya kusamehe. Wawili wakikubaliana wanaandika mstari mmoja, wanasaini, na kila mtu anashika njia yake. Hironimus alikuwa ameandika mistari ya namna hiyo kwa wateja wake zaidi ya mara ishirini, na mara zote kwa haraka. Kalamu alikuwa nayo mfukoni. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, na bodaboda alikuwa getini anapiga honi.

"Kwa hiyo hiyo sheria yenu," Bibi Zuhra aliuliza, "hainiruhusu hata kukusamehe?"

Hironimus aliipapasa kalamu mfukoni kwa muda ambao Mbelgiji angeutumia kufungua kompyuta.

"Haikuruhusu, bibi."

"Sheria ya kijinga."

"Ya kijinga sana."

Bibi Zuhra alimtazama usoni. Alikuwa amemsomea Walburga maneno ya uongo Ijumaa mia moja na zaidi, na uongo wa aina ile aliujua ukija kwa mbali. Alimwashiria yule wa bodaboda aondoke, na honi ikanyamaza. Halafu akavua kandambili zake, akamwambia Hironimus asogee, naye akasogea, na mzee akaketi kwenye mkeka wa wanaume bila mtu kuthubutu kumuuliza kwa nini.

Saa kumi ilipita hivyo hivyo, watu wakila maharage. Adhana ilisikika kutoka upande wa mjini, na Bibi Zuhra akasema ataswali sasa hivi, akimaliza kupumzisha magoti. Hironimus alikuwa ameanza kulia. Hakulia kwa kelele, ila alilia kweli, machozi yakidondokea tai, kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya msiba. Wanaume waliokuwa karibu walitazama kando wampe nafasi. Bibi Zuhra alingoja mpaka kwikwi zikapungua, ndipo akatoa simu ya marehemu kwenye mfuko wa baibui, ile ndogo yenye vitufe vilivyofutika namba.

"Kusikiliza hakukukatazwa," alisema. "Unataka nikusomee alichokuwa anakujibu? Ni nyingi, nakwambia. Zinaweza kuchukua muda."

Hironimus alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Soma tu, bibi," alisema. "Nina muda mpaka Jumapili."